“Nimejitahidi, lakini bado”: jibu kwa mwalimu wa Hisabati kuhusu ubongo na mtazamo wa ukuaji

Swali: “Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa Kidato cha Pili katika shule ya kata, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini. Mwanzoni mwa muhula nilihudhuria semina kuhusu mtazamo wa ukuaji, yaani imani kwamba uwezo wa akili haukupimwa na kufungwa siku ya kuzaliwa, bali huweza kuongezeka. Niliporudi nilitenga vipindi vitatu nikawaeleza wanafunzi kwamba ubongo ni kama misuli, kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo wetu, na kwamba anayejitahidi hashindwi. Tulibandika maandishi ukutani na walifurahi mno. Jaribio la katikati ya muhula lilipokuja matokeo yakawa yale yale, na kijana mmoja akaniambia mbele ya wenzake: ‘Mwalimu, nimejitahidi, lakini bado. Basi ubongo wangu umegoma kukua.’ Nilikosa la kumjibu. Mwenzangu ofisini anasema haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtoto wa miaka kumi na mitano akishachelewa amechelewa. Yupo pia binti mmoja anayesifiwa na walimu wa masomo mengine, lakini kwangu bado hujumlisha kwa vidole na huchanganya 6 na 9. Je, niliwadanganya? Niendelee na mada hii au niiache?”

Mwalimu, swali lako lina mambo mawili ambayo semina nyingi huyafunga pamoja, nami naomba tuyatenganishe. La kwanza ni la ubongo: je, kweli hubadilika mtu anapojifunza? La pili ni la darasa: je, mwanafunzi akishaambiwa kwamba ubongo wake hubadilika, atafaulu zaidi? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, tena bila shaka. Jibu la swali la pili ni kwamba huenda ikamsaidia kidogo, iwapo yale anayokutana nayo darasani kila siku yanakubaliana na hayo aliyoambiwa. Kijana wako alisikia habari njema, akarudi kwenye namna ile ile ya kusoma aliyoizoea tangu shule ya msingi, kisha akapimwa. Hapakuwa na sababu ya yeye kupata matokeo tofauti, na hitimisho alilolifikia, ijapokuwa si sahihi, lilikuwa la mtu anayefikiri.

Nianze na la kuondoa. Habari ya kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo si kweli, na ningekushauri uwaambie wanafunzi hivyo waziwazi. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Na mtu akipatwa na kiharusi kinachoharibu sehemu ndogo tu ya ubongo anaweza kupoteza usemi au nguvu za mkono, jambo ambalo lisingetokea kama sehemu tisa kati ya kumi zingekuwa hazina kazi. Kadhalika, kama semina iliwaambia kwamba kuna wanafunzi wa ubongo wa kushoto na wa ubongo wa kulia, au kwamba kila mtoto ana njia yake moja ya kujifunza, ya macho au ya masikio, hayo nayo yaache. Yamechunguzwa, na ushahidi wa kutosha kuongoza ufundishaji haukupatikana.

Sasa tuje kwenye kinachotokea kweli. Chukua kosa ambalo kila mwalimu wa Kidato cha Pili analijua: mwanafunzi anaambiwa apanue (x + 3)², naye anaandika x² + 9. Unamweleza kwamba jibu ni x² + 6x + 9, unamchorea mraba wenye upande wa x + 3 ili aone mistatili miwili aliyoisahau, naye anakubali. Ndani ya kichwa chake, ambamo mna seli za neva zipatazo bilioni 86, kundi fulani la seli limefanya kazi kwa pamoja, na viungo vidogo mno vinavyoziunganisha, viitwavyo sinapsi, vimeimarika kwa muda. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walionyesha jambo la namna hii katika ubongo wa sungura: njia ya neva iliyochochewa kwa nguvu mara kadhaa iliendelea kupitisha ishara kwa wepesi zaidi kwa saa nyingi baadaye.

Hatua inayofuata ndiyo inayotuhusu zaidi sisi walimu. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi aliyoifanya hasa juu ya konokono wa baharini, alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huhitaji tu mabadiliko ya kikemikali katika sinapsi zilizokwishakuwapo, ilhali kumbukumbu ya kudumu huilazimu seli itengeneze protini mpya na kuotesha viungo vipya. Ujenzi huo haumalizwi katika kipindi cha dakika arobaini. Huchukua saa na siku, hufaidika sana jambo linaporudiwa kwa awamu zenye nafasi kati yake, na usingizi una sehemu yake katika kuukamilisha. Ndiyo maana darasa zima linaweza kuitikia kwamba limeelewa, wala lisiwe linakuongopea, na wiki mbili baadaye x² + 9 ikarudi kwenye karatasi za majibu. Walielewa kweli, ila uelewa ule ulikuwa bado mbichi, na lile kosa la zamani, ambalo wamelizoea kwa muda mrefu zaidi, halikufutika kwa kusahihishwa mara moja bali lilibaki likishindana na jibu jipya.

Wanafunzi wengi hawajawahi kuelezwa kwamba kusahau ni kawaida. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, aliona kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilimpotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kurudia kulikosambazwa katika siku kadhaa kulimfaa kuliko kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Mwanafunzi asiyejua hili, akisahau jambo alilolielewa juzi, hujiona ana kichwa kibovu na hukata tamaa mahali ambapo kila mtu, akiwamo kinara wa darasa, husahau. Kama ungekuwa na dakika kumi tu za kuwaeleza habari za ubongo, ningependa uzitumie hapa.

Tena kuna ufinyu wa ile sehemu ya akili tunayoitumia kushikilia mambo wakati tunayafanyia kazi. Mtu hawezi kushikilia kwa pamoja zaidi ya mambo mapya machache, takriban manne. Mwanafunzi wa shule yako alisoma Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha akaingia sekondari na kuikuta kwa Kiingereza. Akisoma swali lenye neno “product” au “at least”, kwanza anatafsiri, pili anajiuliza 6 mara 7 ni ngapi, tatu anahofia kuchekwa au kuchapwa, na kwa sababu hofu nayo hula nafasi ile ile, aljebra yenyewe haipati pa kukaa. Kwa nje huyu anaonekana hana uwezo wa Hisabati. Mimi naamini kwamba katika shule zetu sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kukosa kipaji cha hesabu ni msongamano huu wa lugha, majedwali yasiyokaa kichwani, na woga. Nao kila mmoja una dawa yake.

Mfano wa misuli ulioutumia una ukweli ndani yake, lakini unapotosha mahali pamoja. Mtu aliyeimarisha mikono kwa kubeba magunia atabeba pia mawe na matofali, lakini ubongo haukui kwa jumla namna hiyo. Hubadilika katika kile hasa unachofanyishwa. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha utafiti juu ya watu 79 waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa leseni ya teksi jijini London, ambao humtaka mtu ajue kichwani mitaa ipatayo 25,000 na huchukua miaka mitatu hadi minne kuuandaa. Walipimwa kwa picha za ubongo kabla ya maandalizi na baada yake. Kwa wale 39 waliofuzu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa imeongezeka. Kwa wasiofuzu haikuongezeka. Hata hivyo, waliofuzu hawakupata kumbukumbu bora ya kila kitu, kwani katika jaribio moja la kukumbuka mchoro wenye sehemu nyingi walikuwa nyuma ya wengine. Kwa hiyo mwanafunzi asiambiwe kwamba akitoa jasho ubongo wake “utakua”, kana kwamba jasho la aina yoyote latosha. Aambiwe kwamba atakuwa bora katika lile analolifanyia mazoezi, kwa namna anavyolifanyia mazoezi.

Kuhusu umri, mwenzako ofisini anahitaji kukumbushwa historia ya nchi yake. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata wakulima na akina mama wenye wajukuu walikaa chini ya miti wakajifunza kusoma. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, Stanislas Dehaene na wenzake walilinganisha nchini Brazil na Ureno akili za watu waliosoma tangu utotoni, waliojifunza kusoma ukubwani, na wasiojua kusoma kabisa, wakakuta kwamba hata kwa wale waliojifunza ukubwani sehemu za ubongo zinazotambua maandishi zilikuwa zimejipanga upya. Ipo kweli mipaka ya umri kwa baadhi ya mambo; kwa mfano, anayejifunza lugha ya kigeni ukubwani hupata shida kuzitamka sauti zake kama wenyewe. Aljebra haimo katika mambo hayo, na ubongo wa kijana wa miaka kumi na mitano bado una takriban miaka kumi ya kukomaa mbele yake.

Sasa lile swali la pili, la kama kuwaambia kunasaidia. Hapa lazima niwe mkweli kuliko semina. Wazo hili linahusishwa zaidi na Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1998 yeye na Claudia Mueller walichapisha majaribio ambamo watoto wa takriban miaka kumi na moja walifanya mafumbo mepesi, wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa juhudi zao. Walipopewa mafumbo magumu na kushindwa, waliosifiwa kwa akili walipoteza hamu, wakafanya vibaya zaidi katika mafumbo yaliyofuata, na walipoombwa kuandika alama zao kwa ajili ya mtoto wasiyemjua, karibu wanne kati ya kumi waliziongeza kwa uongo. Mwaka 2007 Lisa Blackwell, Kali Trzesniewski na Dweck waliripoti kwamba katika shule moja ya New York wanafunzi waliofundishwa vipindi vinane vyenye habari za namna ubongo unavyojifunza waliacha kushuka katika Hisabati, ilhali wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma peke yake waliendelea kushuka. Matokeo hayo yalienea duniani, na hapo ndipo ahadi zilipoanza kuzidi ushahidi.

Majaribio makubwa yaliyofuata yalikuwa na majibu ya wastani zaidi. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walichapisha jaribio la kitaifa nchini Marekani lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari, waliopewa masomo mawili ya kompyuta ambayo yote kwa pamoja hayakufika saa moja. Wanafunzi waliokuwa na alama za chini walipanda kwa takriban pointi 0.10 katika kipimo kinachoishia kwenye pointi 4 na kidogo. Ni kidogo, lakini kwa kazi isiyofika saa moja si cha kudharauliwa. Faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na desturi ya kukubali kazi ngumu. Mwaka huo huo, nchini Uingereza, jaribio lililohusisha shule za msingi zipatazo mia moja, ambamo walimu walipewa mafunzo wakawafundishe wanafunzi wao mtazamo huu, halikuonyesha tofauti yoyote ya alama kwa wastani. Kwa hiyo matokeo ya darasa lako si ya ajabu, wala hayakutokana na wewe kufundisha vibaya.

Mwenzako, kwa hilo la “mambo ya Wazungu”, ana sehemu ya haki. Tafiti nyingi nilizozitaja zilifanyika kwenye madarasa yenye watoto ishirini au thelathini, vitabu vya kutosha, na lugha moja tangu siku ya kwanza ya shule. Huwezi kuzihamisha nzimanzima hadi kwenye darasa la watoto sabini na kutazamia pointi zile zile. Lakini sinapsi hazina uraia. Namna ubongo unavyojenga kumbukumbu ni ile ile hapa na London, na hiyo ndiyo sehemu ninayokushauri uishike kwa mikono miwili.

Dweck mwenyewe aliandika mwaka 2015 akionya kwamba walimu wengi wamebaki kusifu juhudi hata pale ambapo hakuna kilichojifunzwa. Ndilo ninaloliona katika maneno “anayejitahidi hashindwi”. Sentensi hiyo ina upande wa pili ambao hatuutamki: kwamba aliyeshindwa hakujitahidi, au alijitahidi na bado hafai. Kijana wako alijijua kwamba amejitahidi, basi akabakiwa na tafsiri moja tu. Watoto hawalingani kwa wepesi wa kujifunza, nao wanaliona kila siku; ukiwaambia kwamba tofauti hiyo haipo watakuona huijui dunia. Unaloweza kuwaambia kwa ukweli wote ni kwamba mahali mtu anapoanzia na kasi anayokwenda nayo havitoshi kutabiri atakapofika, na kwamba njia ya kusoma huweza kubadilishwa.

Kwa hiyo mwite kijana huyo, si mbele ya wenzake, umwambie akuonyeshe alivyojitahidi. Nadhani atakuonyesha daftari alilolisoma tena na tena usiku wa kuamkia jaribio. Hapo ndipo utaanzia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu matini ya kusoma. Baadhi wakaisoma tena, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka, na waliojiuliza wenyewe wakawa wamebakiwa na mengi zaidi. Kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua, kwa sababu macho yamezizoea kurasa. Kujiuliza huulazimisha ubongo uitafute njia ya kulifikia jibu, na utafutaji huo ndio unaoiimarisha njia yenyewe. Mwambie afunge daftari, afanye maswali matatu ya mada ya wiki iliyopita bila kutazama mfano, kisha afungue na kujisahihisha. Afanye hivyo kesho kutwa, na tena wiki ijayo. Hapo utakuwa umempa kitu cha kujitahidia.

Jambo hilo hilo linaweza kuwa desturi ya darasa zima bila kuongeza kipindi. Dakika tano za mwanzo andika ubaoni maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Daftari zifungwe, kila mmoja ajibu kwenye kipande cha karatasi, kisha wasahihishane na jirani. Alama zisiandikwe popote na fimbo isiwepo mezani. Nasisitiza la fimbo, maana mtoto anayechapwa kwa kukosea hujifunza upesi kuficha kosa, kwa kunakili au kwa kukaa kimya, na kosa lililofichwa huwezi kulisahihisha. Wiki mbili za kwanza watalalamika kwamba wamesahau kila kitu. Huo ndio wakati wa kuwakumbusha habari za Ebbinghaus, kwa sababu sasa zitakuwa na maana kwao.

Ningekushauri pia uwape njia ya kujikagua wenyewe, kwani mwanafunzi anayemtegemea mwalimu amwambie kama amepata au amekosa hana namna ya kujifunza akiwa peke yake nyumbani. Kwa lile kosa letu la (x + 3)², mfundishe aweke namba badala ya herufi: x ikiwa 2, (2 + 3)² ni 25, lakini x² + 9 ni 13; basi jibu lake haliwezi kuwa sahihi, na hahitaji mtu kumwambia. Kwa walio nyuma zaidi, usianze kwa kuwapa swali zima. Wape swali lililofanywa hadi hatua ya mwisho wamalizie hiyo moja, kisha lililofanywa nusu, kisha waanze wenyewe; hivyo ile nafasi finyu ya akilini hujazwa kidogo kidogo. Na maneno ya Kiingereza yanayojirudia katika maswali, ambayo si mengi hata kidogo, yaandikwe ukutani pamoja na maana zake kwa Kiswahili, mahali palipobandikwa ile asilimia 10.

Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kinachotokea siku ya kurudisha karatasi. Ukuta ukisema kwamba kosa ni sehemu ya kujifunza, kisha karatasi ikarudi na alama nyekundu isiyobadilika, na majina yakabandikwa kwa mpangilio wa wa kwanza hadi wa sabini na mbili, wanafunzi wataiamini karatasi. Weka utaratibu kwamba aliyekosa swali anaweza kulifanya upya ndani ya wiki moja, aandike kwa sentensi mbili alipokosea na kwa nini, na akifaulu swali linalofanana nalo baada ya wiki mbili apate sehemu ya alama alizozikosa. Najua ukubwa wa darasa lako. Huwezi kusahihisha masahihisho ya watu sabini kwa kila swali. Chagua swali moja au mawili katika kila jaribio, yale yenye kosa lililoenea, na umshirikishe mwalimu wa taaluma ili alama hizo zitambuliwe. Mwanafunzi aliyeiona 3 yake ikawa 6 kwa kazi aliyoifanya kwa mkono wake hahitaji hotuba ndefu kuhusu ubongo.

Uendelee na mada hii au uiache? Ukiiacha kabisa, wanafunzi watarudi kwenye maelezo waliyoyasikia nyumbani, kwamba hesabu haimo katika ukoo wao. Ukiendelea nayo kama hotuba, utazidi kuzalisha vijana wanaosema “nimejitahidi, lakini bado”. Mimi ningechagua kipindi kimoja kifupi cha kurekebisha yale mliyoyasema, ukikiri mbele yao kwamba asilimia 10 si kweli na kwamba juhudi bila njia haitoshi, kisha mambo ya ubongo yatajwe kwa sentensi moja moja katikati ya Hisabati yenyewe, pale yanapoeleza kitu wanachokifanya wakati huo. Wala usitazamie alama kuruka katika muhula mmoja. Tazama kwanza kama karatasi tupu zinapungua, yaani kama wanaoacha swali bila kuandika lolote wamekuwa wachache.

Hayo yote, hata hivyo, hayamtoshi kila mtoto. Mwanafunzi aliyekuwa akifanya vizuri akaporomoka ghafla, anayesinzia darasani kila siku, anayekuja bila kula, anayejitenga au kuogopa kurudi nyumbani, tatizo lake haliko katika mtazamo wala katika mbinu za kusoma. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri na unasihi siku hiyo hiyo, na ukishuku ukatili ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hailipiwi. Maradhi yanayomrudiarudia nayo ni ya kituo cha afya.

Na huyo binti wako anahitaji kuonwa ana kwa ana na watu wenye ujuzi. Kuchanganya 6 na 9 peke yake hakuthibitishi chochote, na kuhesabu kwa vidole si aibu, lakini mambo hayo yakiwa pamoja katika umri wake, huku masomo mengine akiyaweza, inafaa kujiuliza kama ana diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kushughulika na namba ambao hautokani na uvivu wala uhaba wa akili. Makadirio mengi huiweka kwa watoto 3 hadi 7 kati ya 100, kwa hiyo katika darasa kama lako si ajabu wakawamo wawili au watatu. Anza na macho, apimwe hospitalini kabla ya kudhani lolote. Kisha zungumza na mzazi kwa upole, na kupitia kwa mkuu wa shule umtafute afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yenu, ukiwa na karatasi zake za majaribio kadhaa na maelezo mafupi ya unachokiona: je, anajua bila kuhesabu kwamba 8 ni kubwa kuliko 5, je, anasoma saa, je, hujua kama chenji aliyopewa dukani ni sahihi. Usingoje majibu ya mtaalamu ndipo umsaidie. Mruhusu vidole, mwachie jedwali la kuzidisha mezani wakati wa mazoezi, mwongezee muda, na umpime kwa hatua alizozipanga badala ya hesabu ya mwisho peke yake, ili ujue kama aljebra anaielewa au la.